Kusoma Karata za Baba Mkwe

Baba mkwe alihamia kwetu, mtaa wa Fedha, Nairobi, akiwa na begi moja, mkongojo, na nusu ya uso. Nusu ya pili ilikuwa imechukuliwa na kiharusi, pamoja na mkono wa kulia na karibu maneno yote aliyokuwa nayo. Yaliyobaki yalikuwa sawa, hapana, chai, na jina la marehemu mke wake, ambalo alilitumia kukiita kitu chochote alichosahau kinaitwaje. Rimoti ilikuwa na jina la mama mkwe. Sufuria pia.

Mume wangu alimwogesha kila asubuhi, akamvalisha, akamkalisha kwenye kochi karibu na dirisha, kisha akaenda zake kazini eneo la viwanda. Watoto walikuwa shule za bweni. Mimi hushona mapazia nyumbani, cherehani yangu iko hapo hapo sebuleni, kwa hiyo kutwa nzima tulibaki wawili, watu ambao kwa miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tumesalimiana kwa mbali. Kwao huko magharibi, mke wa mwana hamshiki mkono baba mkwe wala hakalii kiti chake. Mimi ni wa Murang'a, ambako mambo hayo si mazito hivyo, lakini nilikuwa nimeyafuata tangu harusi na mwishowe nikayapenda. Yanakupunguzia kazi ya kutafuta la kusema.

Dada wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija kumnyoosha alituambia tumchezeshe karata. "Atumie mkono na kichwa kwa wakati mmoja," alisema. Mume wangu akanunua pakiti pale steji, na Jumapili moja tukaketi watatu kucheza kadi, ule mchezo ambao kila mtu mtaani anaujua: unatupa karata inayofanana na iliyo mezani, ukikosa unaokota, na ukikaribia kumaliza unatangaza kwamba uko kadi. Mtaani mchezo huo pia huitwa poka. Baba mkwe alicheza kidogo, akaweka karata zake chini.

"Poka," alisema. Lilikuwa neno jipya. Tulitazamana.

"Ndiyo hii, Baba," nikamwambia.

"Hapana."

Akazikusanya karata zote kwa mkono wa kushoto, akazichanganya kwa kuzisambaza mezani na kuzirudisha, kisha akampa kila mmoja wetu karata mbili zilizofunikwa. Katikati ya meza akafunua tatu. Akasubiri. Akafunua nyingine, akasubiri tena, akafunua ya mwisho. Halafu akatutazama kama mwalimu anayetazama darasa lisilosoma.

Mume wangu ndiye aliyekumbuka. Baba yake alikuwa gadi wa treni za mizigo, na watu wa reli walikuwa wakicheza hivyo kwenye nyumba zao za kupumzikia, wakingoja njia ifunguliwe. Nyumbani mama yao aliupiga marufuku mchezo huo mpaka alipofariki. "Nilidhani ameusahau," mume wangu alisema. Mzee alikuwa amesahau kijiko kinaitwaje, lakini hilo hakulisahau.

Tulijifunza. Una karata mbili zako, za siri, na tano za mezani ni za wote; atakayeunda kundi bora la karata tano ndiye mshindi. Kila zinapofunuliwa za mezani, unaweza kuweka dau, kuongeza, kulipa alichoweka mwenzako, au kutupa karata zako na kujitoa. Dau letu lilikuwa maharagwe. Niligundua mapema kwa nini mchezo huu ulimfaa: hauhitaji neno hata moja. Ukitaka kupita bila kuweka dau unagonga meza. Ukitaka kuweka dau unasukuma maharagwe. Ukikata tamaa unasukuma karata. Na hakuna mahali popote ambapo mkono wa mke wa mwana unalazimika kugusana na wa baba mkwe. Kila kitu kinapitia mezani.

Mume wangu hakufaa. Akipata karata nzuri alikuwa akiketi wima, akipata mbaya anaomba chai. Baada ya Jumapili chache alirudi kwenye mpira wake kwenye runinga, na mimi na mzee tukawa tunacheza kila alasiri, kazi ya mapazia inapopungua.

Alinifunga vibaya. Nilikuwa nafanya kile kila mtu anachodhani ndicho mchezo wenyewe: kumtazama mtu usoni. Upande mmoja wa uso wake haukusema kitu. Upande wa pili ulikuwa na adabu ya watu wa zamani. Nikashikilia jicho lake la kulia, ambalo wakati mwingine lilitoa machozi, nikajiaminisha kwamba linalia akiwa na karata kubwa. Kwa siku kadhaa nilitupa karata kila jicho lilipolia. Dada wa mazoezi alipokuja, alinieleza kwamba jicho hilo halifungi vizuri na linahitaji dawa ya matone. Tukanunua dawa. Jicho likakauka na mimi nikabaki sina pa kutazama.

Ndipo nikatafuta mwalimu kwenye simu. Nilimpata kijana mmoja aliyevaa kofia ndani ya nyumba na kuzungumza Kiingereza cha haraka, na nilimsikiliza kwa wiki nyingi nikipinda mapindo. Alisema kosa la wanaoanza ni kujaribu kukisia karata mbili mahususi ambazo mpinzani anazo. Huwezi kuzijua. Unachoweza kujua ni jumla ya zote anazoweza kuwa nazo, na kila anapofanya jambo, unaondoa zile ambazo asingefanya nazo hivyo.

Mimi niliita jumla hiyo fungu. Sokoni Kayole nyanya huuzwa kwa mafungu. Hununui nyanya moja, unanunua fungu, na ndani yake unajua kuna nzuri juu na laini chini.

Nikaanza mazoezi. Nilikuwa na pakiti nyingine kuukuu iliyopungukiwa na karata kadhaa. Asubuhi, mzee akisinzia, niliipanga kwenye meza ya kukatia vitambaa: hapa zile ambazo angefungua nazo kwa dau kubwa, hapa zile ambazo angelipa tu kuona itakuwaje, hapa zile ambazo angezitupa bila kufikiri. Kisha nilijikumbusha mchezo wa jana, hatua kwa hatua, na kwa kila hatua nikazigeuza kifudifudi zile ambazo hazikulingana na alichofanya. Mara nyingi nilibaki na kundi kubwa bado. Kijana wa kofia alisema hiyo si aibu. Aibu ni kubaki na moja na kuipenda.

Tatizo lilikuwa kuhakikisha. Nikijitoa, sikuwa nikijua alikuwa na nini. Siku moja nikamwomba: "Baba, ukishinda naomba unionyeshe ulizokuwa nazo. Ni za kujifunza tu."

Akafikiri. "Lipa," alisema. Hilo nalo lilikuwa neno jipya.

Kwa hiyo nililipa. Kwa muda mrefu nililipa maharagwe mengi ili tu kuona, na kidogo kidogo nikamjua. Akiwa na ree, ile karata yenye alama moja katikati, hakuweza kunyamaza, lazima angeongeza. Karata mbili ndogo zinazofuatana alizipenda kuliko zinavyostahili. Na akiwa hana kitu, alisukuma maharagwe haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla hujachungulia. Akiwa na kitu kizuri alichelewa. Alilinyoosha rundo lake kwanza, akaligusagusa, akatazama dirishani. Nilikuwa na baba mkwe huyu tangu nikiwa msichana na sikuwahi kumjua kiasi hicho.

Nakumbuka mara ya kwanza kufaulu. Alifungua kwa kuongeza dau. Nikajenga fungu langu kichwani: jozi kubwa, ree na kitu kikubwa, mfalme na malkia, mambo ya namna hiyo. Mezani zikatoka tisa, sita na mbili. Mimi nilikuwa na tisa na saba, maana yake jozi ya tisa. Akaweka dau tena, nikalipa. Ya nne ikatoka ree. Akagonga meza, akapita. Ya mwisho ikawa nne, na hapo akasukuma rundo kubwa, haraka.

Niliweka mikono mapajani. Angekuwa na ree, asingegonga meza ilipotoka. Sikuwahi kumwona akinyamazia ree. Nikaziondoa zote zenye ree. Jozi kubwa zilikuwepo bado, ila kwa hizo angechelewa. Kilichobaki zaidi kwenye fungu kilikuwa karata kubwa ambazo hazikupata mwenzi mezani. Nikalipa.

Akafunua mfalme na malkia. Hakuwa na kitu. Alizitazama karata zangu, tisa na saba yake ya bure, kisha akanitazama mimi.

"Mm," alisema.

Mume wangu aliporudi jioni nilimweleza yote, hatua moja baada ya nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza kama kuna chakula.

Wifi yangu anaishi Kayole na huuza viatu vya mitumba. Ni mwanamke wa kanisa, na yeye ndiye aliyetukuta. Alipanda ngazi alasiri moja bila kupiga simu, akafungua mlango, akamwona baba yake na mimi tumekabiliana, meza ndogo katikati, maharagwe kila upande. Aliketi polepole.

"Mulamwa," aliniambia, maana ndivyo wanavyoita shemeji, "hii ni kamari?"

"Ni maharagwe."

"Kamari ya maharagwe."

"Dada wa mazoezi alisema acheze."

"Alisema acheze na mke wa mwanawe, uso kwa uso?"

Mzee akamsogezea binti yake konzi ya maharagwe na kumgawia karata mbili. Wifi alizitazama bila kuzishika, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Hakucheza siku hiyo. Lakini alizifunua kidogo kabla ya kuondoka, nikamwona.

Wiki chache baadaye ndugu waliitisha kikao. Shemeji yangu mkubwa alikuja kutoka nyumbani, upande wa Kakamega, ambako anakaa kwenye shamba la baba yake. Tuliketi sebuleni Jumamosi mchana: yeye, wifi, mume wangu na mimi, na mzee kwenye kochi lake. Hoja ilikuwa moja. Je, mzee abaki Nairobi karibu na hospitali, au arudi nyumbani, ambako mke wa shemeji yuko na angemtunza? Shemeji na wifi walitaka arudi. Mume wangu hakusema alichotaka, ila alikuwa ameketi wima.

"Mzee," shemeji aliuliza, "ungependa twende nyumbani?"

"Sawa."

"Au ungependa ukae hapa?"

"Sawa."

Shemeji akafungua mikono. Wifi akasema kwamba mgonjwa haulizwi, huamuliwa. Na mimi, ambaye kwa desturi ningepaswa kuwa jikoni, nikazungumza.

"Baba hataki kwenda," nikasema.

Wakanigeukia wote. Nikawaeleza kwamba tumecheza naye miezi sasa. Akijibu haraka hivyo, hana kitu mkononi. Anasukuma tu ili mtu asiulize zaidi. Hiyo sawa yake ya kwenda nyumbani ilikuwa tupu. Nilisema kwa uhakika, na nilijisikia vizuri kusema. Nilikuwa nimefanya mazoezi.

"Na ile sawa ya kukaa hapa?" mume wangu akauliza. "Mbona nayo aliijibu haraka vilevile?"

Alisema kweli. Zote mbili alizijibu kwa kasi moja. Nilikuwa nimeitupa ile ya nyumbani na kuibakiza hii ya hapa, na sababu yake haikuwa kwenye fungu hata kidogo. Nilitaka abaki. Alasiri zangu zilikuwa za kushona tu kabla hajaja.

Mzee alikuwa akinyoosha kitambaa cha mkono wa kochi. Alikinyoosha, akakigusagusa, akatazama dirishani. Nikamshika mume wangu mkono anyamaze.

"Chini," mzee alisema.

Wifi aliweka kiganja mdomoni. "Anaongea habari za kaburi," alisema, na machozi yakaanza. Mume wangu alidhani baba yake anataka kushushwa sakafuni, akainuka na kuanza kumshika kwapani.

"Hapana," mzee alisema. "Udongo."

Hilo halikusaidia. Wifi alilia sasa kwa sauti na shemeji mkubwa akavua kofia yake. Mzee aliwatazama wanawe mmoja baada ya mwingine kwa upande ule wa uso uliokuwa ukifanya kazi, na nadhani hakuwahi kuwaona wajinga kiasi hicho tangu awazae. Akainua mkongojo, akauelekeza dirishani, chini, kwenye uwanja wa vumbi kati ya majengo ambako watu huanika nguo.

"Chini," alirudia. Kisha, baada ya kuhangaika: "Kutembea."

Tunakaa ghorofa ya nne na hakuna lifti. Mume wangu na mlinzi walimpandisha siku aliyokuja, wamembeba kwenye kiti cha plastiki, na tangu siku hiyo, ukiondoa safari za kliniki ambapo alishushwa kwa kiti hichohicho hadi mlangoni mwa gari, hakuwa amekanyaga ardhi. Mimi nilipanda na kushuka ngazi hizo kila siku na mboga na vitambaa. Katika yote niliyowahi kuwaza kumhusu, ngazi hazikuwamo.

"Ukikaa hapa tunaweza kutafuta nyumba ya chini," mume wangu alisema. "Au nyumbani. Mzee, wewe sema."

Mzee alichelewa. Alichelewa sana, mpaka wifi akamaliza kulia na kupenga kamasi.

"Nyumbani," alisema. "Chini kubwa."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Ilikuwa karata nzuri na hata mume wangu aliiona.

Walimshusha wikendi iliyofuata, wanawe wawili wakishika kiti na mlinzi akitangulia kuwaambia watu wapishe. Mimi nilibeba begi. Kufika chini akagonga mkono wa kiti mara moja, wakamtua. Akasimama kwa mkongojo kwenye vumbi, kando ya tangi la maji, viatu vyake vya kwenda kanisani vikichafuka. Gari lilikuwa likingoja na dereva alianza kupiga honi. Alisimama tu pale. Sikumtazama usoni. Nilitazama miguu yake, jinsi alivyokuwa akiibadilisha, huu, kisha huu.

Wiki zilizofuata nilishona mapazia mengi sana. Wifi alianza kuja Jumapili baada ya ibada, akidai anapita tu. Mara ya tatu au ya nne aliuliza kama bado ninazo zile karata, kwa sababu anataka kuelewa ni kitu gani hasa kilimpendeza baba yake. Anacheza vizuri kunishinda. Ni mtu aliyezoea kumwambia mteja kwamba kiatu ni cha ngozi.

Desemba tulienda nyumbani sote. Nilibeba pakiti mpya kwenye mkoba, na siku ya kwanza nikamwonyesha mzee. "Kesho," alisema. Siku ya pili akasema kesho pia. Maneno yalikuwa yameongezeka, na uso ulikuwa umerudi kidogo, kiasi kwamba sasa ungeweza kumsoma kama ungetaka, lakini hakuwa akiketi mahali. Mke wa shemeji alinieleza kwamba huamka, hunywa chai, kisha hutoka, na ukimtafuta utamkuta popote pale: kwenye migomba, kwa jirani, barabarani akitazama watu wanaotengeneza kalavati. Chakula cha mchana humfuata huko.

Asubuhi ya tatu nilimfuata. Nilibaki nyuma, mbali kidogo, inavyopasa. Alitembea kando ya ua wa shamba kwa mwendo wake wa kuburuta, akisimama kila mara kunyooshea kitu mkongojo ili nikione: mahindi yaliyoangushwa na upepo, mfereji aliotaka uzibuliwe, ng'ombe wa mtu aliyeingia kwetu. Mimi nilisema ndiyo, Baba. Alipofika kwenye kona ya shamba aligeuka kuhakikisha kwamba bado nipo, kisha akashika njia ya kuteremka mtoni, na mimi nikavua viatu kwa sababu kulikuwa na matope.